Mtunzi aliyechoka awekewe mipaka: ulezi wa albamu ya majaribio

Mtunzi akichoka, watu humpa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ni apumzike. Wa pili, ambao hutolewa na wenye nia njema kabisa, ni afanye albamu "ya moyoni": asijali redio, asijali chati, aandike chochote anachotaka. Ushauri wa kwanza ni mzuri ila hautoshi. Wa pili ndio unaowamaliza watu. Mtu ambaye hawezi tena kuchagua kati ya korasi mbili, ukimfungulia dunia nzima na kumwambia achague, umemtwisha mzigo juu ya mzigo. Atakaa mbele ya kompyuta, atasikiliza milio themanini ya kick (ngoma ya besi) mmoja baada ya mwingine, na saa sita ya usiku itamkuta hajarekodi hata sekunde moja.

Albamu ya majaribio inaweza kumrudisha kazini, ila si kwa sababu ya uhuru. Majaribio yakifanywa sawasawa yana sheria kali kuliko wimbo wa redio, na uzuri ni kwamba sheria hizo anaziweka mtu mwingine. Mtunzi anabaki na kazi ya mikono na masikio. Kazi ya kuamua inahamia kwa mlezi mpaka nguvu zirudi. Kwa hiyo haya yanawahusu walezi kwanza: prodyuza mkongwe, mwalimu wa muziki, dada au kaka aliyetangulia kwenye fani. Mtunzi mwenyewe anaweza kusoma akiwa amelala chali.

Kwanza, kachoka wapi?

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, limeutaja uchovu huu kuwa hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Limeupa sura tatu: nguvu kuisha, mtu kujitenga na kazi yake au kuichukia, na kuona kwamba hawezi tena kuifanya vizuri. Kwa mtunzi hizi tatu hazifanani hata kidogo, na mlezi asiyezitenganisha atatibu jino kwa dawa ya tumbo.

Aliyeishiwa nguvu hana shida na muziki, ana shida na usingizi. Huyo hapewi albamu. Anapewa wiki tatu au nne za kulala, shoo zinasogezwa, simu ya kazi inashikwa na mtu mwingine. Aliyeichukia kazi utamjua kwa namna anavyozungumza: kila wimbo wa wenzake ni "takataka", wake mwenyewe ni "takataka zaidi", na anaandika mistari ya mapenzi kama mtu anayejaza fomu ya benki. Huyo ndiye hasa albamu ya majaribio inamfaa, kwa sababu inambadilishia malighafi. Anayeona hawezi tena anahitaji kitu kimoja tu: kumaliza vitu vidogo, vingi, haraka. Wengi wanakuja na mchanganyiko wa zote tatu, basi unaanza na usingizi.

Na kuna mpaka ambao mlezi havuki. Mtu akikaa wiki mbili mfululizo hapati usingizi, hali chakula, haoni raha ya chochote, au akianza kuzungumzia kufa, hiyo si kazi ya studio. Apelekwe hospitali, na mlezi amsindikize. Albamu itasubiri.

Mfano wa Hérouville

Mfano ulio wazi zaidi katika kumbukumbu za muziki ni wa mwimbaji wa Uingereza David Bowie mwaka 1976. Alikuwa ametoka Los Angeles, mwili umekwisha kwa kokeini na kazi, ziara ndefu ndiyo kwanza imemalizika. Alichofanya kabla ya kugusa albamu yake mwenyewe ndicho watu husahau: alikwenda Château d'Hérouville, studio iliyo nje ya Paris, akatengeneza albamu ya mtu mwingine, mwimbaji Iggy Pop. Alijaribu sauti, mashine na mpangilio juu ya nyimbo ambazo jina lake halikuwa mbele. Mlezi yeyote anaweza kulinakili hilo. Mpe mtunzi wako wiki mbili za kumpigia mwenzake kinanda au kumpangia sauti za waitikiaji. Anafanya muziki, lakini si yeye atakayehukumiwa.

Kisha ikaja albamu yake mwenyewe, *Low*. Ilirekodiwa zaidi hapo hapo Hérouville, ikamaliziwa studio ya Hansa, Berlin Magharibi, ikatoka Januari 1977. Waliokuwa pembeni yake, Tony Visconti kama prodyuza mwenza na Brian Eno kama mshiriki, hawakuwa walimu wake, ila kazi waliyoifanya ni ya ulezi mtupu. Makubaliano ya mwanzo yalikuwa kwamba huenda mwezi mzima ukapotea bila kupata chochote, na kila mmoja alilikubali hilo kabla ya kuanza. Wapigaji watatu (Carlos Alomar gitaa, George Murray besi, Dennis Davis ngoma) waliweka misingi kwanza. Maneno yalikuja baadaye, na pale yaliposhindikana kuja wimbo uliachwa bila maneno. Visconti alikuja na Harmonizer ya Eventide, H910 (kifaa cha kupandisha na kushusha kimo cha sauti), akaipitisha ngoma ya snea humo ili sauti ianguke chini kila inapopigwa. Davis aliisikia kwenye hedifoni akiwa anapiga, akawa anaongeza na kupunguza nguvu ya mkono ili kuuchezea ule mwanguko. Chombo kimoja kipya, mpigaji mmoja mwenye masikio, na albamu nzima ikapata sura yake.

Eno naye alikuja na sheria. Mwaka mmoja kabla, yeye na mchoraji Peter Schmidt walikuwa wametoa boksi la kadi zaidi ya 100, kila moja ina agizo fupi la kufuatwa unapokwama. Kwa kipande kikubwa cha upande wa pili wa sahani alirekodi milio 430 ya metronomu kwenye tepu tupu, wakaipa namba, wakachagua namba fulani bila mantiki yoyote ya kimuziki kuwa mahali pa kubadilisha kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja). Hakuna beti, hakuna korasi, hakuna swali la "sasa tuweke nini hapa?". Namba imeshaamua. Mtu aliyechoka kuamua anapumua hapo.

Nyimbo saba upande wa kwanza, nne upande wa pili, ule wa pili karibu wote hauna maneno. Kampuni ya rekodi haikuifurahia. Ikafika namba 2 Uingereza.

Wala majaribio si kitu cha kuazima Ulaya. Mchiriku wa uswahilini Dar es Salaam ulijengwa kwa kinanda kidogo cha Casio kupitishwa kwenye spika za honi hadi sauti ichanike. Singeli ilichukua lupu (vipande vinavyojirudia) za taarabu ikazikimbiza kupita BPM 200, yaani mapigo 200 kwa dakika, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikakusanya kazi za studio ya Sisso na kuzitoa nje kama muziki wa kisasa kabisa. Hakuna aliyeviita majaribio wakati vinaanza. Ilikuwa ni vifaa vilivyopo na sheria moja: vifanye kazi zaidi ya uwezo wake.

Karatasi kabla ya maiki

Mlezi, prodyuza na mtunzi mwenza ni watu watatu tofauti hata wakiwa ndani ya mwili mmoja. Kosa la kawaida ni kuanza kwa upendo na kumalizia kwa ugomvi wa asilimia. Andikeni ukurasa mmoja: mlezi analipwa nini kwa ulezi (ada, au hakuna), na akiandika hata mstari mmoja wa maneno au wa melodi, mgao wa utunzi unajadiliwa siku hiyo hiyo na kuandikwa pembeni ya jina la wimbo. Kuchagua, kukata, kukataa na kupanga ratiba si utunzi. Kila mmoja asaini, kila mmoja abaki na nakala.

Ukurasa huo huo ubebe mipaka ya albamu. Mipaka inayofanya kazi ni ile inayohesabika: vyombo vinne tu kwa albamu nzima, njia (traki) zisizozidi nane kwa kila wimbo, hakuna sauti iliyokuja na programu, zote mzirekodi wenyewe, hakuna neno "mapenzi", hakuna korasi inayorudi mara tatu. Chagueni mitano au sita, si zaidi. Mipaka kama "tuwe wakweli" au "tusifuate soko" haina maana, kwa sababu hakuna anayeweza kujua kama imevunjwa.

Muda: wiki tatu za kukusanya sauti, nne za michoro (vipande vya nyimbo ambavyo havijakamilika), tatu za kumalizia, mbili za kutosikiliza kabisa, kisha miksi. Wiki zile mbili za ukimya ndizo watu huziruka, halafu wanamiksi kwa masikio yaliyokwisha kukariri kila kosa mpaka likawa zuri.

Wiki tatu za sauti

Katika wiki hizi mtunzi haruhusiwi kutunga. Anarekodi vitu. Lengo ni sauti 20, kila moja isizidi dakika mbili, na kila faili lipewe jina lenye mahali na kitu: "feri-kigamboni-mnyororo", "mashine-nafaka-asubuhi", "bati-mvua-jikoni". Faili linaloitwa "Audio 0047" halitatumika kamwe. Baada ya mwezi hakuna anayekumbuka ni nini, na hakuna mwenye nguvu ya kusikiliza yote upya.

Simu inatosha kuanzia, kwa masharti mawili: irekodi WAV badala ya faili lililobanwa, na kipengele cha kupunguza kelele kizimwe, maana hicho hufuta hasa kile unachokitaka. Rekoda ndogo ya mkononi ni bora zaidi. Weka 24-bit na 48 kHz; kwa mono (sauti ya upande mmoja) ni takriban MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo saa nzima haizidi MB 520. Vilele visipite -12 dB. Ukiwa na 24-bit huna sababu ya kurekodi kwa sauti ya juu sana. Kilichochanika kwa kuzidi hakirudi, kilichorekodiwa chini kinapandishwa bila shida.

Unayetaka kupunguza mwendo wa sauti baadaye, rekodi 96 kHz, na sababu ni ya hesabu. Lupu ya BPM 240 ukiishusha hadi 60 kwa kuiburuza kama tepu, kila kitu kinashuka oktavu mbili. Faili la 48 kHz halina kitu juu ya 24 kHz, na baada ya kushushwa mara nne dari yake inakuwa 6 kHz: sauti inatoka imefifia, kana kwamba kuna godoro mbele ya spika. La 96 kHz linabaki na nafasi hadi 12 kHz, mradi maiki yako inasikia huko juu. Maiki nyingi za bei ndogo hazisikii, jaribu kwanza na funguo zinazogongana.

Mngurumo wa umeme ndio adui wa studio za nyumbani. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na mngurumo wake utausikia pale pamoja na 100 na 150. Kabla ya kukimbilia ekwalaiza, chomoa chaja ya kompyuta urekodi kwa betri. Mara nyingi unakata hapo hapo, kwa sababu chanzo kilikuwa ni njia mbili za ardhi kati ya chaja na saundi kadi. Ukibaki, sogeza waya wa maiki mbali na waya wa umeme, na pale vinapokutana vipitane kama msalaba, visilale sambamba. Feni izimwe, friji ichomolewe (weka funguo za mlango ndani ya friji ili usisahau kuirudisha). Bodaboda, jogoo na adhana viache. Kwenye albamu ya namna hii ndivyo vinavyosema mtu yuko wapi.

Sauti ya mtu irekodiwe maiki ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" ipite. Godoro lisimamishwe nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki pekee kama wengi wanavyofanya, maana maiki inatazama mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake. Khanga na vitenge ukutani vinapendeza kwenye picha lakini havimezi chochote chini ya sauti kali za juu. Bafa ya saundi kadi (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) iwe sampuli 128 unaporekodi, ambayo kwa 48 kHz ni kama milisekunde 2.7 kwa upande mmoja. Ukiiacha 512 inafika karibu 11, mwimbaji anajisikia akichelewa, anaanza kuimba nyuma ya mdundo, na kila mtu anadhani ni uchovu.

Michoro ishirini na minne

Wiki nne zinazofuata: michoro 24, sita kwa wiki, kila mmoja dakika 45 kwa saa ya mkononi. Saa ikilia, faili linahifadhiwa, linafungwa, halifunguliwi tena mpaka mlezi aseme. Hairuhusiwi kuufungua wa jana "kurekebisha kidogo". Kwa mtunzi aliyechoka, kurekebisha kidogo ndiko alikopotelea miaka miwili iliyopita.

Kila mchoro uje na agizo moja kutoka kwa mlezi, likiwa limeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa. Haya mawili yanafaa kuonyeshwa kwa kina, kwa sababu ukiyaelewa utabuni mengine ishirini.

La kwanza ni lupu tatu zisizokutana. Chukua sauti tatu kutoka zile ulizokusanya, tuseme noti moja ya ilimba, mlio wa feri, na pumzi ya mtu anayeanza kuimba akaacha. Kata ya kwanza iwe na urefu wa sekunde 13, ya pili 17, ya tatu 19, ukijumlisha ukimya ulioko mwishoni. Kwenye programu (Reaper inafaa, leseni yake ya bei ya punguzo ni dola 60 na unaijaribu siku 60, FL Studio ni sawa tu) zima kile kinachovuta klipu kwenye mistari ya mapigo, kisha rudia kila klipu kwenye njia yake. Kwa kuwa namba hizo hazigawanyiki kwa namba nyingine, zitakutana tena pale pale zilipoanzia baada ya sekunde 4,199, karibu dakika 70. Wewe unahitaji dakika nne. Sikiliza dakika 15, weka alama mahali palipojipanga vizuri, kata hapo. Mtunzi hajaamua kodi hata moja, na bado ana muziki ambao hakuna mwingine anao. Linaloharibika hapa ni moja: sauti tatu zote zikiwa na mwanzo mkali, kama ngoma, masikio yanatafuta mdundo, hayaupati, yanachoka. Angalau mbili ziwe na mwanzo laini. Punguza sauti ya mwanzo kwa sekunde moja au mbili.

La pili linatoka nyumbani. Utenzi una mizani nane kwa kila mshororo. Tengeneza mdundo unaozunguka kwa mapigo saba badala ya manane, BPM 84, na uimbe mizani moja kwa kila pigo:

*Nasikia lori mbali,*
*Lapanda mlima pole,*
*Sijui labeba nani,*
*Wala litafika wapi.*

Mshororo wa kwanza unaanza pigo la 1. Wa pili unaanza pigo la 2 la mzunguko unaofuata, wa tatu pigo la 3, na kuendelea. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani mizani ya saba: kwenye mshororo wa kwanza "mba" inaangukia pigo la 7, dhaifu, kwenye wa pili "po" inaangukia pigo la 1 pamoja na kick, "na" pigo la 2, "wa" la 3. Msikilizaji anasikia lori likipanda na kuteleza bila kujua kwa nini. Baada ya mishororo saba, mapigo 56, sekunde 40 kamili, maneno na ngoma vinakutana tena mwanzoni. Kwa hiyo andika mishororo saba, si minne wala minane, na mshororo wa nane uwe ndio wa kwanza umerudi. Kosa la kutegemea: mwimbaji aliyezoea nne-nne atarefusha silabi ya mwisho ili aingie kwenye mdundo bila kujijua. Mzimie ngoma kwenye hedifoni, mbakizie mlio wa metronomu usio na pigo la mkazo, umrudishie ngoma baadaye.

Angalia pia kwamba beti hilo halina vina vya mwisho vinavyolingana, na limeachwa hivyo makusudi. Mtunzi mzoefu akiona "mbali" tayari ana "kweli", "asali" na "halali" mkononi, na wimbo unajiandika wenyewe bila yeye kuwepo. Kuzuia vina kwa mwezi mmoja kunauma, na ndio sababu kunafaa.

Saa moja ya kusikiliza

Mlezi na mtunzi wakutane mara moja kwa wiki, saa moja, ana kwa ana ikiwezekana. Michoro sita ichezwe kwa mfululizo bila kusimama. Mtunzi haruhusiwi kueleza chochote kabla. Mlezi haruhusiwi kusema "nzuri" wala "mbaya", kwa sababu mtu aliyechoka husikia "nzuri" kama huruma na "mbaya" kama ukweli. Aseme alichosikia na sekunde yake. "Mdogo wangu, kwenye wa tatu, sekunde ya arobaini nilianza kufikiria chakula" ni maoni yenye faida kubwa: yana mahali, na yana tiba. "Kaka, lakini pale ndipo nilipoweka ile filimbi!" Basi labda filimbi ndiyo tatizo, au imechelewa kuingia. Mnaandika, mnaendelea.

Wiki ya nne ikiisha mlezi anachagua michoro tisa peke yake. Hii ndiyo siku ngumu. Mtunzi anaweza kurudisha mmoja uliokataliwa kwa kutoa mmoja uliochaguliwa, mara moja tu, bila kueleza sababu. Iliyobaki inawekwa kwenye diski na inaondoka na mlezi, haikai kwenye kompyuta ya mtunzi.

Walezi wazuri huharibika hapa kwa njia inayofahamika. Anachagua kile ambacho yeye mwenyewe angekifanya. Dawa ni kutazama mipaka kwenye ule ukurasa: mchoro unaoifuata kwa ukali na bado unamsumbua msikilizaji una haki zaidi ya ule unaofanana na kazi za mlezi za zamani. Na mlezi asiguse kinanda. Akishaanza "subiri nikuonyeshe", amekuwa prodyuza, na mtunzi anarudi kukaa kwenye kochi akitazama mtu mwingine akifanya albamu yake.

Uharibifu wa upande wa mtunzi ni kujificha. Mwangwi unaongezeka wiki hadi wiki, sauti ya mtu inazama, na kila swali linajibiwa kwa "ndiyo majaribio yenyewe". Jaribu hili: zima mwangwi na vionjo vyote (efekti), sikiliza kavu. Kikibaki kitu, vionjo ni nguo. Kisipobaki, mchoro haukuwepo. Jingine ni kurusha vipande kwenye stori za Instagram au kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki wiki ya pili. Maoni arobaini yanaingia chumbani kwa pamoja, nusu yakiuliza ngoma ya kuchezeka itatoka lini, na mipaka yote inalegea. Hakuna kutuma kitu nje mpaka masta (nakala ya mwisho ya albamu) iwe tayari. Nakala za akiba ndizo ziende nje: tatu, mahali pawili tofauti, kila Jumamosi.

Kumalizia, na yanayofuata

Kumalizia ni siku mbili kwa kila wimbo, si zaidi. Siku ya kwanza unaondoa. Ya pili unarekodi upya kile kimoja kinacholazimika. Urefu wa albamu ukiwa dakika 35 hadi 40 unatosha. Sahani za santuri za inchi 10 ambazo Siti binti Saad na wenzake walizirekodia Bombay mwaka 1928 zilibeba kama dakika tatu kwa upande, na hakuna anayelalamika kwamba walipunjwa.

Miksi ifanyiwe kwa sauti ya chini, kiwango ambacho mtu anaweza kuzungumza juu yake bila kupaza. Ukimiksi kwa nguvu kila kitu kinapendeza na besi inakudanganya. Hakikisha kwenye spika moja ndogo ya simu kwa mono. Lupu zilizopanuliwa kushoto na kulia kwa ujanja wa fezi (mawimbi ya pande mbili kupishana) zinaweza kutoweka kabisa humo, na wasikilizaji wengi wako humo. Kwenye masta usishindane kwa ukali. Spotify hushusha nyimbo zilizozidi hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo wimbo uliobanwa hadi -7 unateremshwa na kubaki umebanwa vilevile. Acha kilele halisi -1 dB na uache sehemu za kimya ziwe kimya.

Kila wimbo upate namba yake ya ISRC (utambulisho wa kimataifa wa rekodi), hata ule wa sekunde 50 wa mnyororo wa feri, na kazi zisajiliwe kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa walio Tanzania au KECOBO kwa walio Kenya kabla ya kupandishwa mtandaoni. Ukiwa umetumia sauti ya mzee anayepiga zeze uliyemrekodi sokoni, jina lake na ridhaa yake viwe kwenye ile karatasi, pamoja na malipo. "Nilimwachia ya soda" si mkataba.

Jukwaani msijaribu kuicheza albamu nzima. Chagueni nyimbo tatu, mwimbaji, mpigaji mmoja, na kompyuta inayorusha lupu moja tu isiyo na metronomu. Fundi wa sauti wa ukumbi apewe karatasi inayosema wazi kwamba kelele ya mwanzo imekusudiwa, la sivyo ataizima katika sekunde kumi za kwanza akidhani waya umekatika.

Na mlezi, kabla ya kuondoka, aandike kwenye kalenda ya mtunzi wiki sita ambazo hazina studio. Simu za mapromota katika muda huo ziende kwake.